Mshika Kamera

Baba hakuwahi kuonekana kwenye filamu zetu za nyumbani, kwa sababu kamera haikumtoka mkononi. Alibaki sauti tu: "Sogeeni, mnazibana." Tangu tumzike, mama alinigandia kama ruba nizihamishe filamu hizo kutoka kwenye CD hadi kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. "Na baba yako yumo," alikuwa akisema. Nami nilimjibu ovyo kwamba hayumo, atafute picha ya kitambulisho.

Mchana mmoja nikakubali, shingo upande. Mama alikaa nyuma yangu akikunja nguo. Nikanakili harusi ya dada, kisha nikafungua faili kuhakikisha. Baba alikuwa amesimama katikati ya maharusi, koti lake la kahawia begani, anacheka.

Nikairudia CD yenyewe. Hayumo. Nikafungua faili. Yumo.

"Si nilikwambia," mama alisema, wala hakushtuka.

"Sasa kamera ameshika nani, mama?"

Kwenye faili, baba alimtazama mpiga picha, akatabasamu kama mtu aliyengoja sana. Halafu spika zikatoa sauti ya mama: "Sogeeni, mnazibana."

Niligeuka. Kitini alipokuwa mama palikuwa na shati langu tu, limekunjwa mkono mmoja.