Asante Iliyofuta Namba

Nilimtoa Abbasi kwenye kiti chake mwenyewe, na mpaka leo sijutii.

Chumba anachofanyia kazi za kompyuta ni changu, cha mbele, karibu na stendi ya Kasulu. Mimi nauza chai na vitumbua barazani. Abbasi ni kijana mwenye moyo, nisimseme vibaya bure. Wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wanachaji simu kwake bila kulipa. Hata ule ukurasa wa kutafuta ndugu mtandaoni aliutengeneza kwa hiari yake, akabandika matangazo hapa hadi Kibondo. Kila anayetafutwa ana faili lake kwenye kompyuta ya mbali wanayoiita seva. Mwenye habari akituma ujumbe, programu inauandika kwenye faili lile. Anayetafuta akifungua ukurasa, programu inasoma kilichomo na kumwonyesha.

Apoline alikuwa anamtafuta mwanawe, Cadet. Walipoteana wakikimbia Kongo, mama akafika kambini, mtoto asijulikane alipo. Apoline akipata kibali cha kutoka kambini, hupita kwangu kwanza. Mguu wangu ulipovimba alinichotea maji, wala sikumwomba.

Siku ile alitoka kwa Abbasi analia na kucheka pamoja.

"Mama, ameandika! Ni Cadet njo ameandika!"

Niliacha vitumbua kwenye mafuta. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja: Asanteni sana, Mungu awabariki. Ni mimi Cadet wa mama Apoline, mwenye kovu la pasi mkononi.

"Na namba ya simu?" nikauliza. "Yuko wapi?"

"Hakuna, Bibi. Ni hayo tu," akasema Abbasi.

"Angalia muzuri," Apoline akamsihi. "Pengine iko chini."

"Mama, hakuna cha chini. Unajua, mtu akitaka kupatikana anaacha namba. Pengine kijana hataki. Amekutumia baraka, kamaliza."

Apoline akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa kitenge.

"Toka kwenye kiti," nikamwambia Abbasi.

"Bibi, taratibu..."

"Toka! Huyu mtoto anashukuru nini? Umeona wapi mtu anaingia kwa watu, anasema asante na kwaheri, kabla hajasema kilichomleta?"

"Sasa Bibi, kompyuta haina adabu za Waha wa huku."

"Na wewe je, unazo?"

Kusoma najua, kuandika kidogo kidogo. Nikamwamuru afungue jina jipya, Mwanaamina, ndiye mimi. Nikabonyeza kwa kidole kimoja: nipo stendi. Nikatuma. Kisha, kama mtu yeyote aliyelelewa, nikaandika: asante. Nikatuma.

"Haya, fungua tusome."

Ukurasa ukafunguka. Palikuwa na asante tu, basi. Ile nipo stendi haikuwepo.

Abbasi akafungua programu yake, akaipitia mpaka kwenye amri ya kufungua faili. Akaduwaa.

"Nimeiambia ifungue kwa kuandika upya," akasema polepole. "Ikifungua hivyo inafuta kila kilichomo, ndipo inaandika. Nilitakiwa niiambie iongeze mwishoni."

"Kwani hukuijaribu?"

"Niliandika mara moja, Bibi. Nikaona inafanya kazi."

"Mara moja! Watu wa huku tunaaga mlangoni, tunaaga uani, tunaaga mpaka barabarani!"

Apoline alifunua uso. "Sasa namba ya Cadet iko wapi?"

"Ile asante imeifuta, mama. Na sikuweka nakala."

Nilitamani kumrushia kikaango. Si kwa kosa lile. Kukosea kila mtu hukosea; hata vitumbua vyangu viliungua saa ile ile. Ni kwa neno lake, kwamba kijana hataki. Hakujua lolote, akamwambia mama wa mtu kama anayejua. Nilimwambia hayo kwa sauti, hata vijana wa bodaboda wakaja kuchungulia.

"Mwombe msamaha. Si kwa namba. Kwa neno lile!"

Abbasi akapiga magoti. Apoline akamshika bega. "Inuka, mutoto. Tengeneza kwanza." Mimi nisingemwinua upesi hivyo.

Akaibadilisha amri. Kisha akasema, "Ngoja nilisafishe faili la Cadet, tuanze upya."

Nikamkamata mkono. "Liguse uone!"

Mstari wa Cadet ukabaki. Apoline akasogea, akaandika mwenyewe: Cadet, ni mama. Namba yako ilipotea huku kwetu, si wewe umekosea. Andika tena. Akatuma. Akafikiri kidogo, akatuma na mwingine: Asante mwanangu.

Tukafungua ukurasa. Mistari yote mitatu ilikuwepo, wa Cadet juu kabisa. Apoline akaugusa kwa kidole, neno moja moja.

"Unaona, Bibi?" akasema Abbasi. "Sasa hata ashukuru mpaka achoke."

Nilimmiminia Apoline chai. Abbasi siku ile hakupata.