Kipimo Kilichoolewa

Kilima kinachotutenganisha na jirani zetu si kirefu. Ni saa moja na nusu kwa miguu, na kurudi ni hivyo hivyo, ila unarudi na ndoo kichwani. Lakini mawingu yanakiogopa. Yanakuja kutoka ng'ambo yamejaa, yanajikokota kupanda, yanamwaga kila kitu upande ule, halafu yanatufikia sisi mikono mitupu.

Kwa hiyo ng'ambo viatu vinaota ukungu chini ya kitanda, na huku kwetu nguo hukauka kabla hujamaliza kuianika. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, na sijawahi kumkabidhi mteja nguo bila kuikung'uta vumbi kwanza. Wakati ule Mama alikuwa na miaka sitini na mbili na alikuwa akifuata maji ng'ambo siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki zilikuwa zangu.

Sasa fikiria afisa wa maji alivyotutibua nyongo. Tulimbatiza Bwana Ramani kabla hajamaliza kusalimia, maana aliusogeza mkasi wangu bila kuomba na kutandaza ramani juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Tulikuwa tumeandika barua tatu kuomba tangi, pamoja na bomba la kulijaza kutoka ng'ambo. Yeye alileta jibu kwa mdomo.

"Tangi haliwezekani," alisema. "Kijiji chenu kinapata milimita elfu moja na mia nne za mvua kwa mwaka. Kuna watu wana shida kweli, mama."

Mama alimtazama viatu. Alishuka garini vikiwa vyeusi, na sasa vilikuwa na rangi ya njia.

"Mwanangu, hiyo mvua inanyesha saa ngapi?" aliuliza. "Maana mimi huwa naamka mapema."

Majirani waliokuja kusikiliza wakaangua kicheko. Bwana Ramani hakucheka. Alibonyeza kidole kwenye kitone chekundu. "Kituo cha kupimia kiko hapa. Kila siku saa tatu asubuhi tunapata ujumbe wa simu. Miaka kumi na moja, haijakosekana hata siku moja."

Niliinama kuangalia. Kitone kile kilikuwa juu ya nyumba yetu, na nyumba yetu haina kipimo cha mvua tangu shangazi aolewe.

Ilikuwa hivi. Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa akiishi nasi alipokabidhiwa kipimo: kopo refu la bati lenye mdomo wa faneli, chupa ndani yake, na bilauri nyembamba yenye mistari. Aliyekileta alimwambia kimeandikwa jina lake, akitunze, asikiache. Naye shangazi ukimpa neno amelishika. Alipoolewa na fundi baiskeli wa ng'ambo, kipimo kilipanda mkokoteni katikati ya godoro na sufuria. Huko akaendelea kupima na kutuma namba kila asubuhi, na hakuna aliyeshangaa. Mimi mwenyewe nilikikumbatia njia nzima kisije kikapata mbonyeo.

Nilipomaliza kusimulia, Bwana Ramani alikaa kwenye gunia la vitambaa.

"Yaani kipimo kiliolewa?"

"Na mahari tulikula," alisema Mama.

Hapo akacheka, hata nikaanza kumpenda kidogo. Lakini alisema hawezi kubadilisha rekodi kwa hadithi. Kirudishwe, kipime hapa siku tisini za msimu wa mvua. Milimita zisipofika mia, tangi ni letu. Zikifika, turudi kwenye foleni, na foleni yenyewe ni ya miaka. Akapendekeza nipime mimi.

Nani atamwambia shangazi? Mama aligeuka kuangalia kuku. Nikapanda kilima.

Nilimkuta jikoni, paa linadondosha maji kwenye beseni. Hana salamu nyingine yule. "Leo kumi na tisa!" aliniambia, uso unang'aa. Nikamweleza. Aliufuta mwiko, akaufuta tena.

"Kumbe ni mimi niliyewanyima maji."

"Ni sisi wote, shangazi. Mimi ndiye niliyekikumbatia."

Kesho yake alishuka na kipimo kichwani, akakisimika uani kwetu mwenyewe. Nilipomwambia nitapima mimi, alinikata kauli. "Wewe shona. Jina lililoandikwa ni langu."

Akawa anavuka kila siku. Alikuwa anatoka kwake alfajiri na mwavuli, anaufunga kileleni na kuuegesha kwenye jiwe, kwa kuwa huku hauna kazi.

"Wifi, leo umepata ngapi?" Mama humuuliza.

"Sifuri."

"Hongera. Kesho jitahidi zaidi."

Siku ya themanini na sita jumla ilikuwa sitini na mbili, manyunyu ya hapa na pale. Mchana wake mvua ikatushukia, mvua yenyewe hasa. Tulitoa sufuria, beseni, hadi kikombe cha meno. Watu walikuwa wanacheka huku wanakiangalia kipimo kwa jicho baya.

Asubuhi yake Mama na mimi tulisimama mbele ya kipimo mapema.

"Punguza kidogo tu," Mama alininong'oneza. "Nani atajua?"

Nilichomoa chupa. Ilikuwa nzito na ya baridi. Nisijisafishe, nilitaka kuimwaga. Niliwaza shingo ya Mama chini ya ile ndoo, na mkono wangu ukaanza kuinama.

"Rudisha."

Shangazi alikuwa amesimama kwenye njia, matope mpaka magotini. Alikuwa ameteleza na kuanguka.

"Wifi, hii shingo ni yangu, si ya afisa," Mama alisema.

"Najua. Nimeisababisha mimi." Shangazi aliichukua chupa. "Lakini namba zangu zilikuwa za kweli hata pale mahali palipokuwa si penyewe. Nikidanganya leo, hata zile sifuri zote zitaonekana za kupika."

Alipima kwa mafungu. Thelathini na nne. Jumla tisini na sita, na bado siku tatu. Akaandika, akatuma.

Ng'ambo, akishapima, humwaga maji kwenye majani bila hata kuangalia. Siku ile alibaki ameshika bilauri, anageuka huku na huku, hajui pa kumwaga. Mwishowe alikwenda kwenye mtungi wa Mama, akafunua, akamimina humo taratibu mpaka tone la mwisho. Mama alijifuta macho kwa kanga na kumwambia avue viatu, anamchafulia nyumba.

Siku tatu zile sikushona mshono ulionyooka. Sifuri. Mbili. Sifuri.

Tangi lilikuja miezi mitano baadaye, la lita elfu hamsini, na Bwana Ramani akaja kulifungua amevaa malapa. Mama siku hizi hapandi kilima ila akienda kumtembelea wifi yake. Shangazi bado anavuka kila asubuhi. Mvua ikiwa imenyesha, hata milimita mbili, anapima, anaandika, kisha anapanda ngazi ya tangi na bilauri yake, anafungua mfuniko na kumimina. Hakuna anayemcheka.