Derrick Alimpigia Mama Mkwe

Derrick alimpigia mama yangu simu! Kati ya namba zote alizozichota kwenye simu ya mume wangu Wangila, yule mkopeshaji wa Kitale akachagua ya mama mkwe wake. Ati, "Mama, mwambie Wangila alipe, ama tunauza hii mashine yake."

Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono wala hawakai chumba kimoja, sembuse kuzungumzia madeni. Wangila aliposikia, aibu ilimfanya alale njaa. Mimi nilipandwa na mori. Mashine yenyewe ni ya kuchomelea vyuma, ndiyo inayotulisha, na Derrick aliichukua iwe rehani.

Lakini hakumjua mama. Alitoka Naitiri asubuhi, akaenda moja kwa moja kwa maafisa wanaokagua leseni za wakopeshaji. Kumbe Derrick hakuwa na leseni! Na hata angekuwa nayo, kusumbua jamaa za mdeni ni kosa.

Siku ya kufunga ofisi ya Derrick, afisa aliyeitwa Suad alitaka mlalamikaji na mwenye mali wafike pamoja. Lo! Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama choo. Mama aliketi akitazama ukuta, Wangila akasimama mlangoni akitazama barabara, nami na mimba yangu kubwa katikati.

"Mwambie huyo bwana aonyeshe mashine yake," mama akaniambia.

"Mwambie mama ni ile ya kijani," akajibu Wangila, yuko hapo hapo nyuma yake.

Suad akaangua kicheko. "Si muongee tu, bana!"

"Wewe andika," mama akamkata.

Derrick akajitetea kwamba leseni iko njiani.

"Basi ungeingoja ifike," Suad akamjibu. "Madai yako peleka kortini. Mashine inatoka sasa hivi."

Wangila akajaribu kuiinua mashine peke yake, ikamshinda. Vijana wa kazi wa Derrick walikuwa wametoroka, Suad anafunga milango, na mimi hata ndoo sikuweza kubeba. Mama akageuka.

"Wangila," akasema. Tangu tuoane sikuwa nimesikia jina hilo kinywani mwake. "Shika huko vizuri, usinivunje mguu."

"Ndiyo, mama," akajibu, machozi yakimlengalenga.

Wakaibeba hadi nje, mama akimgombeza njia nzima. Mimi nikawafuata nikicheka, mikono mitupu, sina tena la kumwambia mtu kwa niaba ya mtu.