Ushuhuda wa Desire Hallam

Tulivuka bahari kutoka Uingereza kuwakimbia maaskofu waliokuwa wakituchungulia, tukafika huku tukaanza kuchunguliana wenyewe. Kijiji kilikuwa bado kinanuka mbao mbichi, lakini moshi ukitoka nyumbani kwako siku ya Bwana, jirani alikuwa ameshajua unapika nini.

Desire Hallam, mjane aliyehamia kutoka Boston na kichanga mgonjwa, alitiliwa shaka tangu siku aliyoteremsha mizigo. Alikuwa akifua huku anaimba. Mjane gani anaimba? Hata mimi, Patience Orcutt, jirani yake wa karibu, nilijiuliza.

Alitaka kitu kimoja tu: mwanawe abatizwe kabla homa haijamchukua. Lakini kwetu mtoto habatizwi mpaka mzazi awe mshirika wa kanisa, na huwi mshirika mpaka usimame mbele ya watu ueleze jinsi neema ilivyokupata, wanaume wapige kura. Hapo ndipo penye mtego. Anayesema ana hakika ameokoka, huyo ndiye tunayemwogopa, maana hakika ni kiburi, na pengine ni kazi ya Shetani. Tunampokea anayetetemeka.

Nikamwendea. "Shoga, kesho ukisimama, tetemeka kidogo. Sema hulali kwa kuiogopa Jehanamu."

"Mbona nalala fofofo, Bi Orcutt?"

"Nani kakuuliza? Sema tu huna hakika!"

"Nimdanganye Mungu ndani ya nyumba yake, halafu nimwombe maji ya mwanangu? Hapana, mwenzangu."

Ukaidi ule ulinipandisha hasira, nikaondoka bila kuaga.

Kesho yake alisimama, mtoto mikononi, akasema siku aliyomzika mumewe Mungu alimshika mkono na hajamwachia mpaka leo.

Shemasi Ebbing akakunja uso. "Hujawahi kuwa na shaka, dada? Hata kidogo?"

"Sijawahi, Shemasi."

"Hata sasa, na mtoto yuko hivyo?"

"Hata sasa."

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Mke wa Ebbing akanipiga kiwiko. "Umemsikia? Huyu kafundishwa na nani?" Wanaume hawakunyoosha mikono. Akaambiwa akauchunguze moyo wake, arudi theluji ikiyeyuka.

Mtoto hakuisubiri theluji iyeyuke. Tulimzika bila sala, kama tunavyowazika wafu wetu wote, na tangu siku hiyo sikumsikia tena Desire akiimba. Nilizitamani nyimbo zile mpaka nikajichukia.

Shemasi akaja kumjulia hali. Nilikuwepo, nakoroga uji wa mahindi ambao Desire hakuutaka.

"Roho yako inaendeleaje, dada?"

"Sijui," alisema Desire. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kweli. "Naomba, sisikii kitu. Sijui kama kuna anayenisikiliza. Sijui kama amewahi kunisikiliza."

Uso wa Ebbing ukachanua. Alifurahi kwa dhati, na hilo ndilo lililonichefua.

"Bwana asifiwe! Hiyo ndiyo neema, dada, imeanza kazi yake. Siku ya Bwana njoo uyaseme hayohayo. Tutakupokea, hakuna atakayepinga."

Desire akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

"Na mtoto, Shemasi," akauliza, "nije naye?"