Koti Jeusi na Aya ya Chaki

Nikikumbuka kile chumba chetu cha ushonaji, kinachonijia kwanza ni harufu ya kitambaa kibichi kikipigwa pasi. Halafu chaki. Shangazi yangu, mwenye cherehani zote tatu na mwenye mimi pia, alikuwa akifika asubuhi anaandika aya moja ya Maandiko kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia. Mahubiri hakuna. Tuliitafuna ile aya kimyakimya huku miguu ikikanyaga cherehani, na kabla ya kufunga Shangazi anauliza, "Nani aanze?" Kila mmoja anasema alichokipata, kisha meza inafutwa.

Kikija kitambaa cheusi, sharti litandikwe gazeti juu ya aya kwanza, maana chaki haina adabu, huhamia kwenye nguo. Aliyelishikilia sharti hilo kuliko sote ni Fundi Pasi, mzee mwembamba aliyefanya kazi na Shangazi tangu sijazaliwa. Mdomo wake haukuwa na breki. Jioni alianza yeye, akidai aya imempa njaa tu, halafu anatupa neno moja ambalo unakwenda nalo hadi kitandani. Nilicheka sana mle ndani. Sijacheka hivyo tena.

Basi akaja mteja mmoja kupima koti jeusi. Mtanashati, maneno matamu, na mkononi alama nyeupe ya pete aliyoivua mlangoni. Niliiona. Nilijua ana mke, na bado moyo ulinienda mbio kila aliposingizia kwamba bega linambana. Mwishowe akaniambia Jumamosi akija kuchukua koti tuondoke wote, kuna nyumba amenitafutia mji mwingine. Nikakubali. Begi langu nikalificha nyuma ya marobota ya vitambaa, nikidhani hakuna aliyeliona.

Jumamosi hiyo Shangazi aliandika ile aya ya neno lililo taa ya miguu. Iliniudhi. Taa ya mbali ningeivumilia, lakini hii inamulika pale pale uliposimama, na mimi sikutaka kupaona. Nilishona vifungo kichwa chini. Shangazi aliniwekea chai karibu na mkono. Fundi Pasi akalichukua koti, akalilaza mezani, akalipiga pasi taratibu huku akiimba kwa pua.

Mteja akaja, akalivaa, akageuka nimtazame mgongo. Chaki ilikuwa imehamia pale yote, mstari mzima. Herufi zilikuwa kinyume, lakini aya niliyoitafuna tangu asubuhi ningeisoma hata gizani. Akaninong'oneza nichukue begi, gari linasubiri. Mimi nimeshika brashi na mkono hauendi. Niliogopa kumkosa, nasema kweli, na niliogopa zaidi kwamba nikiyafuta yale maneno nitakwenda.

"Siendi," nikamwambia. "Nenda kwa mkeo."

Aliondoka na maneno yake mgongoni. Nililia kwenye kiti cha Shangazi, yeye akinipapasa kichwa. Nilipotulia nikamuuliza Fundi Pasi gazeti lilikuwa wapi.

"Uzee, mwanangu," akasema. "Siku hizi nasahau."

Jioni Shangazi akauliza nani aanze. Nikaanza mimi, kwa mara ya kwanza, na Fundi Pasi hakutia mzaha.

Mzee yule hakusahau gazeti kabla ya siku ile wala baada yake, mpaka anakufa. Shangazi akamfuata. Nimewakosa kiasi kwamba jioni nyingine nauliza lile swali chumba kikiwa kitupu, nangoja nisikie habari za njaa.

Sasa meza ni yangu, na nina mabinti wawili ninaowafundisha kazi. Mdogo kati yao ana mteja anayekuja kupima koti lisilo na kasoro, mtu mzima anayevulia pete mlangoni. Jana niliona begi nyuma ya marobota. Asubuhi hii nimeandika aya, ile ile ya taa, nikakandamiza chaki sana. Binti amemaliza vifungo, amenikabidhi koti nilipige pasi. Ni jeusi. Akaniuliza kama aniletee gazeti.

Nimemwambia akae anywe chai, nitalichukua mwenyewe. Pasi imeshapata moto, na gazeti liko pale pale kwenye rafu.