Jurati

Asubuhi ile ya mwaka 1974, nje ya mahakama ya Temeke, sikuweza kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Ndani alikuwa keshafika mjomba Kasiani, niliyeishi kwake, pamoja na Leonardi, mwanamume aliyedai mie ni mke wake. Mjomba alikuwa amempa neno lake kwamba mie ni wake, na kwetu Wamakonde neno la mjomba ni zito. Hakimu alitaka kiapo changu cha maandishi kwamba sijaolewa. Nisipokileta siku hiyo, angewasikiliza wao tu.

Nilikuwa nacho. Dada Mwajabu, aliyepiga chapa barazani hapo, alikuwa amekiandika kwa Kiingereza, kama mawakili walivyozoea. Alipokiangalia tena akakunja uso.

"Rosalia, nani kaandika jina huku chini?"

"Balozi wa nyumba kumi."

Mtaani kwetu kila karatasi iliishia kwa balozi: ya safari, ya msiba, hata ya ugomvi wa bombani. Nami nilipenda hivyo. Nilitia sahihi kimya, balozi hakuniuliza kitu.

"Hapa ni jurati, mdogo wangu."

"Ndiyo nini?"

"Maneno ya kufungia kiapo. Yanasema umeapa wapi, lini, mbele ya nani. Balozi haapishi mtu. Utaapa kwa mdomo, hakimu ndiye atakayejaza."

"Kwa mdomo? Na wao wanasikia?"

"Ulitaka wazibwe masikio?"

Akapiga chapa upya. Nilizunguka meza yake mpaka akasema namtia kizunguzungu. Alipochomoa karatasi, karani alikuwa akiniita mara ya pili.

Nilishika Biblia. Hakimu akanisomea kwa Kiswahili ili nirudie. Sauti haikutoka.

Leonardi akacheka. "Mke wangu ana aibu huyo."

"Naapa," nikasema, "sijaolewa na Leonardi, wala na mtu yeyote." Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka; waliokuwa nje wakachungulia dirishani.

Nikatia sahihi. Hakimu akajaza jurati: Temeke, tarehe, jina lake. Kisha akamwambia Leonardi alete mashahidi wa hiyo ndoa, kama wapo. Leonardi akamtazama mjomba. Mjomba akainamia viatu vyake.

Mlangoni akanizuia. "Umenivua nguo mbele za watu. Leo utalala wapi?"

"Sijui, mjomba. Lakini si kwa Leonardi."

Nikampita, nikatoka nje.