Watoto Kumi na Mmoja wa Marudio

Kampuni yetu ilikuwa na watu watatu, kompyuta moja ya mtumba na kanuni saba, na kanuni ndizo zilizotuchosha zaidi. Wekulo, aliyetukusanya tuianzishe, alizipiga taipu mwenyewe na kuzibandika ukutani katika chumba tulichopanga kwa Mzee Simeon pale Kongo, mtaa wa Kawangware, Nairobi. Mwaka ulikuwa 1987. Mgeni akiingia, alisomeshwa zote saba kabla hajaonyeshwa kiti.

Sita sikuwa na neno nazo. Ya saba ndiyo iliyonipandisha presha. Wekulo alilelewa katika kanisa la Marafiki kule Magharibi mwa Kenya, ambako hawapigi kura. Wanakaa kimya mpaka wote wakubaliane. Basi akaamua kampuni ya kuandika programu iendeshwe vivyo hivyo. Kazi haitoki chumbani mpaka sote watatu tuseme "nimekubali". Mmoja akikataa, tunakaa. Si kujadiliana, ni kukaa! Niliwahi kukodolea ukuta macho saa nzima kwa sababu ya neno moja kwenye kichwa cha barua.

Mwezi wa Juni surua iliingia Kibera. Sista Filister, nesi wa zahanati moja ndogo ya Makina, humo humo Kibera, akatuletea gunia la kadi za watoto. Alitaka orodha: nani amechanjwa, nani bado, na anakaa wapi. Wasaidizi wake wangepita nyumba kwa nyumba Jumamosi moja tu, maana chanjo aliyopewa ilikuwa ya siku hiyo. Mideva, mpiga taipu wetu na mkaguzi wetu, aliziingiza kadi zote kwa siku nne. Mimi niliandika programu. Ijumaa saa nne asubuhi printa ikamaliza kukwaruza ukurasa wa mwisho, nami nikaitazama kazi yangu kama mtu anavyozitazama chapati alizopika mwenyewe.

"Mimi sijakubali," Mideva akasema.

Nikafumba macho. "Nini tena?"

"Niliingiza kadi mia nne na kumi na mbili. Hii list yako iko na watoto mia nne na mmoja. Hao kumi na mmoja wameenda wapi?"

"Ni marudio, Mideva. Mama akipoteza kadi anaandikiwa ingine. Jina moja, baba mmoja, plot moja. Programu inaziunganisha."

"Na tarehe za kuzaliwa? Si ziko tofauti?"

"Hizo ni za kukisia tu! Wewe mwenyewe umeona, nusu ya kadi hazina hata tarehe."

"Basi twende tuulize. Ni nyumba kumi na moja tu."

"Saa ngapi? Chanjo ni kesho!"

Wekulo akainua mkono taratibu. "Tukae kidogo."

Tukakaa. Jamani, tulikaa! Wekulo amefumba macho, Mideva anatazama vidole vyake. Nje Mzee Simeon alikuwa akigombana na wapangaji juu ya maji ya mfereji, nami nikawaonea wivu, maana wao angalau walikuwa wakipigiana kelele. Saa sita ikapita. Nikawafikiria watoto zaidi ya mia mbili wasiochanjwa, wakingoja moyo wa Mideva utulie. Nikakunja zile karatasi, nikazitia kwenye kiondo, nikatoka. Wekulo aliniita mara moja tu. Hakunifuata, pengine kulikuwa na kanuni ya jambo hilo pia.

Nilitembea mpaka Makina nikibishana nao kichwani, na nikiwashinda kila hoja. Sista Filister alinishika mikono yote miwili kwa furaha. Kesho yake wasaidizi wake wakapita milangoni na orodha yangu, wakachanja watoto wote walioandikwa kuwa bado. Jumatatu nilirudi kazini nimejiandaa kufukuzwa. Wakanisalimu, wakanimiminia chai, wakakaa kimya. Hapo ndipo nilipotaka kumpiga mtu.

Mideva hakuligusa tena jambo hilo. Ila kila jioni alitoka mapema na karatasi mfukoni, nami nikadhani anatafuta kazi kwingine. Wiki ya pili akaja asubuhi moja viatu vimejaa tope, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nimemaliza zile nyumba," akasema. "Tisa ni marudio kweli. Hapo ulikuwa sawa."

"Na wawili?"

"Mmoja mamake alimpeleka zahanati mwenyewe, akachanjwa. Huyo mwingine, twende umwone."

Kilikuwa chumba cha udongo upande wa chini wa Makina. Aliyetufungulia aliitwa Waruguru. Mideva alipomwambia mimi ndiye Wangoi, niliyeandika ile orodha, alinitazama bila hasira.

"Msichana wa Sista alifika hapa," akasema. "Nikamwambia niko na mtoto. Akaangalia karatasi, akasema Wamucii wa Ishmael alichanjwa eighty-four. Huyo wa eighty-four alikufa. Huyu ni mdogo wake. Nilimpa jina hilo hilo kwa sababu ni la mamake Ishmael, baba yao, na lazima lirudi. Si wewe pia unajua?"

Nilijua. Hilo ndilo lililonichoma. Kwetu Wakikuyu mtoto akifa hazikwi na jina la nyanya yake; hupewa anayezaliwa baada yake. Mimi mwenyewe nilitanguliwa na Wangoi mwingine, aliyekufa kabla hajatambaa. Nimebeba jina la marudio maisha yangu yote, kisha nikaandika programu ya kuyafuta, na aliponiuliza mtu nikamwona mpoteza wakati. Nilijichukia pale mlangoni.

"Kwa nini hukumwambia huyo msichana?" nikauliza.

"Nilianza kumwambia. Lakini hiyo karatasi iliandikwa na kompyuta. Mimi ni nani nibishane nayo?"

Upele wa surua ulikuwa umeanza kukauka mwilini mwa mtoto. Macho ndiyo yaliyokuwa mabaya. Daktari alikuwa amesema hajui kama la kushoto litaona. Waruguru aliniwekea mtoto mikononi bila kuniuliza, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Mtoto alikuwa mwepesi na mwenye joto, kope zimegandana kwa usaha.

"Wamucii," nikamwita.

Akageuza kichwa huku na huku, akitafuta sauti ilikotoka.